Jela ya Kwanza ya Wandelema

Wandelema hawakuwa na mwizi hata mmoja, ndiyo maana wakaniita nikawatengenezee jela.

Naanzia hapo kwa sababu watu wa mtaani kwetu Korogwe wameshanichosha na maswali ya njiani: nilipanda nini, nililala wapi, mpaka wao uko wapi. Njia si habari. Mimi ni fundi makufuli. Niliitwa, nikaenda, nikarudi, na haya ndiyo niliyoyaona.

Chanzo cha yote kilikuwa aibu. Mataifa yalikutana kwenye mkutano mkubwa, kila nchi ikasimama na kusoma kiwango chake cha uhalifu. Moja ilisoma wizi wa magari, nyingine wizi wa kura, nyingine ilisoma saa mbili nzima na bado ikaomba iongezewe muda. Ilipofika zamu ya Ndelema, mjumbe wao akasimama akasema, "Sisi hatuna," akakaa. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba hakuna nchi isiyo na uhalifu, kuna nchi ambayo haijajifunza kupima. Mjumbe akarudi kwao kichwa chini. Mwezi uliofuata Ndelema ikaunda Idara ya Uhalifu, ikamleta Daktari Olbeki, bingwa kutoka nchi ya baridi, pamoja na kitabu chake kinene cha nadharia. Miaka miwili ikapita. Uhalifu haukupatikana, lakini matumaini yalikuwepo, na jela ikajengwa ili itakapohitajika isitafutwe.

Nilipokewa na Katibu wa Idara, Bwana Kitojo, mtu mfupi mwenye haraka na kalamu mbili sikioni.

"Karibu, Fundi! Umechelewa kidogo, lakini usijali, hata wezi wamechelewa."

Akanitembeza mjini nione kazi waliyoifanya. Katika kila kona palikuwa na nguzo, na juu ya kila nguzo pamefungwa dirisha la kioo, fremu na bawaba zake, bila ukuta wala nyumba. Chini ya kila dirisha alisimama mtumishi wa serikali mwenye kitambaa cha kufutia.

"Haya ni ya nini?" nikauliza.

"Daktari anafundisha kwamba dirisha likivunjika na likaachwa bila kutengenezwa, uhalifu huingia mtaani kupitia hapo."

"Lakini nyumba zenu ni za mianzi. Sijaona kioo hata kimoja."

"Ndiyo sababu tukayaagiza," alisema Kitojo. "Utalindaje dirisha lisivunjike ikiwa huna dirisha?"

"Yameshavunjika mangapi?"

"Moja. Beberu la mbuzi. Tulimhoji siku mbili."

Tukaingia ofisini. Ukutani palikuwa na michoro ya vichwa vya watu, mamia kwa mamia, kila kimoja na vipimo vyake. Kitojo akaeleza kwamba kwa nadharia nyingine ya kitabuni, mhalifu hutambulika kwa utosi bapa. Basi wakapima mji mzima. Sasa Wandelema, wake kwa waume, hubeba maji kichwani tangu wakiwa wadogo, na tosi zao ni bapa kama sinia. Wote walionekana wahalifu sugu, Waziri akiwa wa tatu kwa ubaya.

"Na kichwa cha Daktari mwenyewe?"

"Cha Daktari ni mviringo kama boga. Kwa muda wa wiki mbili alikuwa mtu mwaminifu pekee nchini. Aliona haya mwenyewe, akasema tuifungie hiyo nadharia kabatini."

Nadharia iliyobaki ndiyo waliyoitegemea. Kitojo, aliyekuwa na kipaji cha kupikia watu elimu mpaka ikaiva, aliniambia hivi: uhalifu ni chungu, na chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni mtu anayetaka. La pili ni kitu kinachotakika. La tatu ni mlinzi asiyekuwepo. Yakikutana matatu, chungu kinachemka. Nikasema hiyo naielewa, kwetu ndiyo inayonilisha.

Walinipangia chumba kwa mjane mmoja, Bi Nyamvula, mama mnene, mcheshi, aliyekuwa katika heka heka za kumwoza binti yake Zawena siku ya Alhamisi. Asubuhi ya kwanza nikafungua mkoba wangu wa kazi, nikakuta tupa yangu bapa, ile ya kusugulia chuma, haipo.

"Bi Nyamvula! Nimeibiwa!"

"Umefanywaje?"

"Tupa yangu! Mtu kaingia chumbani kaichukua!"

Yule mama akatupa mwiko chini, akapiga vigelegele, na majirani wakaitikia kutoka nyumba nne. "Siku ya kwanza tu!" alisema. "Mimi nilipohamia hapa nilikaa wiki nzima hawajanichukulia hata kijiko. Fundi, watu wamekupenda upesi."

Nilidhani ananidhihaki. Jioni tupa ikarudi, imefungwa kwenye jani la mgomba pamoja na mikate ya kumimina minne, bado ya moto. Ndipo akanikalisha na kunieleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mgeni kunawa mikono.

"Kwenu, mtu akihitaji kitu cha jirani hufanyaje?"

"Anaomba."

"Anaomba!" Akashika shavu. "Uso kwa uso? Na jirani anavumilia? Kumwomba jirani ni kumwambia kwamba una shaka naye. Sisi tunachukua. Halafu tunarudisha, na hakuna chombo kinachorudi kitupu."

"Na mtu asiporudisha?"

"Hilo sijawahi kulisikia. Ila enzi za bibi yangu kuna mtu alirudisha ungo mtupu. Mpaka leo wajukuu zake wanaitwa watu wa Ungo Mtupu, na wakipita harusini wanapita upande."

Jirani yake wa ukuta alikuwa Bwana Ngwere, na huyu lazima nimweleze. Alikuwa na mdomo mchafu. Aliwahi kumwambia mama mkwe wake mbele za watu kwamba anatembea kama kabati linalohamishwa. Mtaa ukamsusa, na kususa kwa Wandelema ni kuacha kumchukulia mtu vitu vyake. Miaka miwili hakuna aliyegusa hata fagio lake. Alikuwa na sufuria kubwa ya shaba, urithi wa baba yake. Kila asubuhi aliing'arisha na kuiweka barazani, na kila jioni aliikuta pale pale, akaiingiza ndani bila kusema na mtu.

Jumapili, Bi Nyamvula alihitaji sufuria kubwa ya harusi. Angeweza kuchukua kwa mwingine. Akaenda barazani kwa Ngwere, akajitwika ile ya shaba, akarudi nayo kwake.

Ngwere akatoka mbio, shati halijafungwa vifungo, akazunguka mtaa mzima. "Sufuria yangu haipo! Jamani, imechukuliwa! Njooni muone pahala ilipokuwa! Haipo!"

Watu wakacheka, wakampa mkono. Lakini Kitojo alikuwa anapita. Alisimama, akasikiliza, akatoa kalamu zote mbili sikioni. Miaka miwili alikuwa akiyasubiri maneno hayo.

Baraza likakaa Jumatatu. Bi Nyamvula alikuja na mboga za kuchambua ili asipoteze muda. Daktari Olbeki alikaa katikati, mtu mrefu, mpole, mwenye miwani, aliyesema Kindelema safi kuliko wenyewe. Sikumwona na ubaya wowote. Aliamini kitabu chake kama mimi ninavyoamini chuma.

"Bwana Ngwere," Kitojo alianza, "sufuria ilikuwa yako?"

"Yangu! Ya shaba! Ya marehemu baba!"

"Ulitoa ruhusa ichukuliwe?"

"Niruhusu vipi? Ningeruhusu, raha yake ingekuwa wapi?"

"Ulipokuta haipo, ulifanya nini?"

"Nililia."

Karani akaandika: mlalamikaji alilia.

"Kwa furaha!" Ngwere akapiga meza. "Andika na hiyo, wewe kichwa cha mbuyu!"

"Fomu haina nafasi ya furaha," karani alijibu.

Daktari akainua kidole. "Tuje kwenye figa la tatu. Wakati sufuria inachukuliwa, palikuwa na mlinzi?"

"Nilikuwepo mwenyewe nyuma ya pazia, nachungulia. Nilibana pumzi asije akaghairi."

Watu wakacheka mpaka benchi moja likaanguka. Daktari alipekua kitabu kwa muda mrefu. Hatimaye akaamua kwamba mlinzi anayemwombea mwizi asikate tamaa huhesabiwa kuwa hayupo. Mafiga yakawa yametimia. Lakini kwa haki, alisema, angependa kusikia ushahidi wa mtu kutoka nchi yenye uzoefu, na wote wakanigeukia mimi.

"Fundi," alisema, "kwenu, mtu akiingia barazani kwa jirani akachukua sufuria bila ruhusa, huitwaje?"

Mimi sijui kuzungusha maneno. Niliishia darasa la tano, na hata huko nilifundishwa kujibu nilichoulizwa.

"Kwetu huitwa mwizi," nikasema. "Na hafiki mbali."

Bi Nyamvula aliacha kuchambua mboga, akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayenihurumia kwa kuishi nchi kama hiyo.

Hukumu ikawa siku tatu jela, kuanzia Jumatano, kwa kuwa taarifa ya mkutano wa mataifa ilitakiwa Ijumaa na ilipaswa iwe na mfungwa ndani yake. Sasa kwa Wandelema harusi haijawa harusi mpaka mama wa bibi harusi apakue sahani ya kwanza kwa mkono wake na kumpa bwana harusi. Asipopakua, wageni hurudi makwao na sherehe husubiri msimu mwingine wa mavuno.

"Siku tatu si nyingi," alisema Bi Nyamvula. "Lakini Alhamisi nani atapakua?"

Zawena akaanza kulia. Kitojo alijikuna sikio pahala kalamu zilipokuwa; yeye mwenyewe alikuwa amealikwa. Akasema sheria ni sheria. Ngwere akamwambia kwamba hata kinyesi ni kinyesi, akaondolewa barazani.

Jumatano nikafunga kufuli langu kwenye mlango wa jela. Jela yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mawe mwisho wa mtaa, mlango wa mvule na dirisha la nondo. Lile kufuli nilikuwa nimelifanyia kazi wiki tatu kabla ya kuja, na sijawahi kutengeneza zuri kama lile. Bi Nyamvula aliingia na mkeka wake. Nilipogeuza ufunguo, yeye akausukuma mlango kutoka ndani kunisaidia kupima.

"Limeshika, Fundi?"

"Limeshika, mama."

"Kazi nzuri. Basi nenda kale, wamekuachia wali."

Sikula. Nilikaa chini ya dirisha moja la serikali, nikatamani mtu apite na jiwe. Ulimi wangu ndio uliomfunga yule mama zaidi ya kufuli. Nilikuwa nimesema kweli ya Korogwe mahali ambapo haikuwa kweli, na hakuna tupa ya kulainisha neno likishatoka.

Nikiwa pale, wanawake wanne wakapita kwenda kuchota maji, wakasimama mbele ya jela. Mmoja akasema, "Hii jela imekaa mtaani kwetu mwezi mzima. Nani ameshaichukulia kitu?"

Wakatazamana.

"Mimi bado."

"Mimi nilidhani wewe."

"Aibu iliyoje! Mwezi mzima, jirani mgeni, hajaguswa! Itasema sisi ni watu gani?"

Nilidhani ni mzaha. Alhamisi asubuhi nilipofika, kufuli halikuwepo. Mlango haukuwepo. Nondo za dirisha zilikuwa zimeng'olewa moja moja kwa uangalifu, na benchi la askari limekwenda pamoja na kibao kilichoandikwa JELA. Ndani, Bi Nyamvula alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, anasuka ukili.

"Mama! Mbona hujatoka?"

"Nitatokaje? Nimefungwa siku tatu, leo ya pili."

"Lakini hakuna mlango!"

"Mlango ni mambo ya hao waliouchukua. Mimi na mlango tuna kesi tofauti."

Kitojo na Daktari wakaja mbio. Kitojo alishika kichwa. Daktari alizunguka jela mara mbili, uso umemwiva kwa msisimko, maana hata kwao kwenye wezi hodari hakuwahi kusikia jela ikiibwa. Akaweka kitabu chake juu ya jiwe afute miwani. Alipoivaa tena, juu ya jiwe hapakuwa na kitu.

"Kitabu changu!" akapiga kelele. "Nani kachukua kitabu changu?"

Mtaa mzima ukalipuka kwa vigelegele. Watoto walikimbia nyumba kwa nyumba wakitangaza: Daktari kachukuliwa! Miaka miwili, leo kachukuliwa! Wanaume wakatoka kumshika mkono. Naye aliendelea kudai kitabu, huku akipongezwa, mpaka akachoka, akakaa kwenye lile jiwe.

Saa sita vyombo vikaanza kurudi.

Mlango wa mvule ulitangulia, umebebwa na wanaume sita kama meza, juu yake umefunikwa wali wa nazi kutoka pembe hadi pembe. Wakautua juu ya mawe mbele ya uwazi ule ule ulikotoka. Nondo zikaja zimejaa mishikaki. Benchi lilikuja na wazee watatu wa upande wa bwana harusi, nao wakahesabika kuwa ndio kilichojazwa. Kibao cha JELA kilirudi kimepakwa halua. Na sufuria ya shaba ikaja imebebwa na Ngwere mwenyewe, mchuzi wa mbuzi ukimmwagikia mabegani, anawatukana wote walio njiani wampishe, nao wanampisha wakicheka.

Kwa kuwa mfungwa hakuweza kwenda harusini, harusi ilikuwa imekuja kwa mfungwa.

"Bwana Katibu," aliita Bi Nyamvula, "sheria inasema mguu wangu usitoke. Inasema nini kuhusu mkono?"

Kitojo alifungua kanuni zake, akazisoma mbele, akazisoma nyuma. "Kuhusu mkono," alisema, na sauti yake ikapanda kwa furaha, "haisemi kitu!"

Yule mama akasimama penye kizingiti, vidole vya miguu sawasawa na mstari, akanyoosha mkono, akapakua sahani ya kwanza akampa mkwewe. Zawena alicheka na kulia kwa pamoja. Ngoma zikaanza. Nami nikaletewa kufuli langu. Halikurudi tupu: tundu la ufunguo lilikuwa limejazwa asali mpaka juu. Wiki tatu za kazi. Nilililamba tu, ningefanyaje?

Kitabu kilirudi alasiri, kimeletwa na Ngwere, kimevimba. Kilikuwa kimepita nyumba zote za mtaa tangu asubuhi, na kila nyumba ilikuwa imejaza pembeni mwa kurasa. Daktari akakifungua magotini, mimi nikachungulia begani kwake. Kwenye sura ya madirisha mtu ameandika: *Sisi tunaangalia vizingiti. Kizingiti kikiota majani, kuna mtu ndani hatembelewi, na hapo ndipo shari huanzia.* Kwenye sura ya vichwa: *Mjomba wangu kichwa chake ni mviringo na ni mwongo mno, njoo umpime.* Kwenye mafiga matatu: *La nne umelisahau, ni aliyesuswa. Muulize Ngwere.* Kati ya sura ya nne na ya tano palikuwa na kipande cha kuku.

Kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na mwandiko mkubwa wa kutetemeka: *Daktari, miaka miwili tunakuletea chakula, nawe unarudisha sahani tupu. Tulidhani ni ugonjwa wa kwenu, hatukutaka kukuaibisha. Tumekusamehe.*

Akavua miwani. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Tupu," alisema. "Na nilikuwa nazisugua kwa mchanga, ziwe safi kabisa."

"Tuliona," alisema Bi Nyamvula kutoka ndani. "Zilikuwa safi sana. Tuliogopa."

Daktari akavuta lile jiwe hadi penye kizingiti, akamwomba Kitojo kalamu moja. "Mama," alisema, "nieleze vizuri habari ya huyu mtu wa Ungo Mtupu ninayesikia akitajwa. Alikosana na nani kwanza?" Kitojo aliniambia baadaye kwamba tangu Daktari aje, hilo lilikuwa swali lake la kwanza ambalo halikuwa na kisanduku cha kuweka alama.

Ijumaa alipika viazi vya kuchemsha visivyo na chumvi wala kitu, akajaza sahani zote za mtaa, akazirudisha mwenyewe mlango kwa mlango. Watu walikula. Ni watu wenye adabu kubwa. Na Kitojo akatuma taarifa yake kwa mataifa, nimeiona kwa macho yangu: *Wahalifu: mmoja. Hali yake: anapakua. Jela: imechukuliwa, imerudishwa, haikurudi tupu.*

Mimi nikarudi Korogwe nimebadilika, na hapo ndipo nilipofanya ujinga. Siku ya pili tu niliingia uani kwa jirani yangu Mhando, tuliyepakana naye miaka kumi na moja, nikachukua sufuria yake iliyoanikwa juu ya kichanja. Nilikuwa na nia safi. Nilishanunua mchele wa kuijaza.

Sikufika hata getini kwangu. Mke wa Mhando alipiga ukunga mmoja, na mtaa mzima ukatoka. Nilipojaribu kueleza habari za Wandelema, ndipo waliponizidishia. Kama si Mhando mwenyewe kunitambua na kusema, "Mwacheni, ni yule fundi, nadhani kaumwa huko alikokwenda," haya mngeyasikia kwa mtu mwingine. Chungu cha mafiga yale matatu, kwetu, kilichemka vizuri kabisa.

Nililala ndani siku nne na sikio lililovimba, nikimfikiria Daktari Olbeki. Nilimcheka sana kule kwa kubeba kweli ya kwao na kuitua kwa watu. Mimi nami niliibeba ya Wandelema nikaja kuitua uani kwa Mhando.

Nilipopata nafuu nilipika ule mchele, nikampelekea Mhando kwenye sufuria yangu mwenyewe, nikabisha hodi kama mtu mwenye akili. Akaupokea, akanitazama kwa mashaka, akafunga mlango.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Sufuria bado haijarudi. Na leo asubuhi nimefungua mkoba wa kazi, nimekuta tupa yangu bapa haipo.

Nimeshautandika mkeka barazani. Sijapiga kelele. Nimekaa nasubiri jioni.